Pedali Imebaki Kiasi Gani? Mwongozo wa Helikopta Inayozunguka, kwa Wanaoruka Dodoma na Singida

Ilikuwa Septemba, saa nane mchana, juu ya kilima cha mawe nje ya mji wa Singida. Nilikuwa na abiria watatu na mafuta mengi kuliko niliyohitaji, nimesimama hewani kama futi 80 ili mpimaji mmoja apige picha zake. Pua ikaanza kwenda kulia. Polepole kwanza, kama mlango uliosahauliwa kufungwa, kisha kwa kasi. Nikakanyaga pedali ya kushoto. Haikusikia. Tulizunguka mara moja na nusu kabla sijaiinamisha pua na kuteremka na mteremko mpaka mwendo ukapatikana na mkia ukatulia.

Nilipotua nilimwambia fundi wetu kwamba teli rota, ile rafadha ndogo ya mkiani, imekufa. Mzee yule hakubishana. Alifungua vifuniko, akashika fimbo za pedali moja moja, akazungusha mapanga ya nyuma kwa mkono, akachungulia mafuta ya giaboksi. Kazi ya nusu siku. Mwishoni akafuta mikono akaniuliza: "Kapteni, pedali uliila yote?"

Ukweli ni kwamba nilikanyaga kama nusu, nikaona haisaidii, nikaachia kidogo nikidhani nimekosea mguu.

Swali la mzee ndilo lililozaa mwongozo huu, kwa sababu linajibu mambo mawili kwa mpigo: ufanye nini pua ikikukimbia, na baadaye lawama iende kwa nani. Helikopta iliyozunguka ilikuwa katika mojawapo ya hali tatu. Pedali ilibaki na rubani hakuitumia. Au pedali ilifika mwisho, na bado haikutosha. Au pedali ilikanyagwa yote lakini huko nyuma haikuwa imeshika kitu. Mtu aliye chini anaona kitu kimoja tu, helikopta inazunguka kama pia. Ndiyo maana kabla vumbi halijatua utasikia nusu ya watu wanasema rubani mzembe na nusu wanasema chuma kibovu.

Neno moja kabla ya hatua zenyewe: kitabu cha helikopta yako na mkufunzi wako wanatangulia chochote nilichoandika hapa. Aina hutofautiana, na pale ninapopingana na kitabu, fuata kitabu.

Hatua ya 1: Jua mapanga yako yanazungukia wapi

Injini inapozungusha mapanga ya juu upande mmoja, mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande wa pili. Rafadha ya mkia ipo kuuzuia, na pedali ndizo zinazoongeza au kupunguza nguvu yake. Bell, Robinson na helikopta nyingi za Marekani, ukizitazama kutoka juu, mapanga yake huenda kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo pua inataka kwenda kulia na pedali ya kushoto ndiyo ya nguvu. Écureuil ya Ufaransa, ambayo leo inaitwa H125, huenda na mshale wa saa. Pua inataka kushoto, na mguu wa kazi ni wa kulia. Mi-8 ya Warusi ni hivyo hivyo.

Kijana aliyejifunzia R44 ya Robinson akahamia Écureuil anajua hili kichwani. Shida ni mguu. Kabla ya kuwasha, kaa kwenye kiti, funga macho, mwambie mwenzako ataje neno moja, "kulia" au "kushoto", likiwa ni upande pua inakokimbilia. Kanyaga mguu wa upande wa pili mpaka ugonge kizuizi, na uushikilie. Rudia mara kumi. Wanakucheka hangani, waache wacheke.

Kuanzia hapa nitazungumzia mapanga ya Kimarekani. Mwenye Écureuil ageuze kushoto kuwa kulia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya hewa ya Dodoma, siyo ya Dar

Hapa ndipo watu wa Kanda ya Kati wanapojidanganya zaidi, kwa sababu Dodoma ni tambarare na macho hayaoni mwinuko wowote. Unatoka uwanjani, unaona mashamba ya zabibu, vilima vya mawe, barabara imenyooka, unadhani uko chini. Uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, yaani futi 3,670 hivi. Singida ni karibu mita 1,500.

Joto linaongeza juu yake. Kanuni ya haraka: kwa kila nyuzi moja ya joto iliyozidi joto la kawaida la kimo hicho, ongeza futi 120. Joto la kawaida la kimo cha Dodoma ni kama nyuzi 8. Mchana wa Novemba kipimajoto kinasoma 31. Tofauti ni 23, mara 120 ni 2,760. Jumlisha na 3,670, unapata karibu futi 6,400. Mapanga yako yanapiga hewa ya mlima ilhali wewe unaona wamachinga kando ya barabara. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa Singida yenye nyuzi 29 utafika karibu futi 7,800. Dar es Salaam, kwa joto lile lile la 31, unapata futi 1,900 tu.

Hewa nyepesi inakula pande mbili. Mapanga ya juu yanahitaji kukata kwa pembe kubwa zaidi ili kubeba uzito ule ule, injini inasukuma zaidi, mwili unataka kuzunguka zaidi. Wakati huo huo rafadha ya mkia inapiga hewa ile ile nyepesi, inapata nguvu kidogo. Deni limepanda na mshahara umeshuka. Pedali uliyoiacha katikati ukiwa Dar, Singida iko karibu na mwisho kabla hata upepo haujavuma.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, fungua jedwali la kusimama hewani *nje* ya msaada wa ardhi (ule mto wa hewa unaokubeba ukiwa chini karibu na ardhi), siyo lile la karibu na ardhi. Marubani wengi husoma la karibu na ardhi kwa sababu lina takwimu tamu. Likikukatalia, punguza. Lita 100 za mafuta ya ndege ni kama kilo 80, mtu mzima mmoja na mkoba wake mdogo. Kama kuna gari la mafuta unakokwenda, huna sababu ya kujaza tangi.

Halafu mizunguko. Rafadha ya mkia imefungwa kwa giaboksi na ya juu, zinapanda na kushuka pamoja, na nguvu yake hufuata mzunguko kwa kipeo cha pili. Mapanga yakishuka kutoka asilimia 100 hadi 95, mkia umepoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake. Ukisikia honi ya mizunguko midogo huku umesimama hewani na upepo uko nyuma, usingoje abiria akuulize hiyo ni nini.

Hatua ya 3: Upepo, na kwa nini tusiseme "saa kumi"

Wazungu hutaja upepo kwa uso wa saa. Kwetu sisi hilo ni mtego. Mshale ukiwa kwenye namba kumi, Mswahili anasoma saa nne. Nimewahi kusikia rubani na msaidizi wake wakibishana angani upepo uko wapi, mmoja anasoma namba, mwingine anasoma saa. Tumieni digrii, kuanzia puani, kufuata mshale wa saa.

Kwa mapanga ya Kimarekani, upepo wa kutoka digrii 285 hadi 315, mbele kushoto, unasukuma vizingia vya hewa kutoka kwenye mapanga ya juu hadi kwenye rafadha ya mkia. Mkia unatapatapa, nguvu inapanda na kushuka. Upepo wa digrii 210 hadi 330, ubavu wa kushoto, unairudishia rafadha ya mkia hewa iliyokwisha kuitupa, nayo inaanza kumeza uchafu wake. Upepo wa digrii 120 hadi 240, nyuma, unaugeuza mwili kama jogoo wa bati juu ya paa: pua inataka kwenda kutazama upepo, na ikianza safari hiyo inaongeza kasi yenyewe. Namba hizi si siri. Mamlaka ya anga ya Marekani iliziandika kwenye waraka wake wa ushauri wa mwaka 1995, baada ya jeshi lao kuhangaika na tatizo hili kwenye OH-58, ndugu wa kijeshi wa Bell 206.

Upepo wa kulia nao usiusifu. Hauchafui hewa ya mkia, lakini unaila pedali kimyakimya, na vitabu vya baadhi ya Bell vinachora eneo la tahadhari upande huo kwa sababu hiyo.

Yote haya yanauma zaidi mwendo ukiwa chini ya noti 30, kama kilomita 55 kwa saa. Juu ya hapo, mkia wima, lile bapa lililosimama nyuma, unaanza kukusaidia. Rubani aliye hatarini ni yule anayeenda polepole, mzito, juu ya ardhi isiyomsaidia, akigeuka kulia huku upepo ukimjia kwa nyuma au kushoto. Yaani kazi ya kupiga picha. Yaani kuhesabu tembo. Yaani kumwonyesha mgombea umati wake.

Kanda ya Kati upepo wa kiangazi hutoka mashariki na kusini mashariki, na kwa Singida haukuachii hata asubuhi. Chukua mfano mwepesi: upepo unatoka mashariki, umesimama hewani juu ya kiwanja. Ukitazama magharibi, upepo uko nyuma. Ukitazama kusini, uko ubavu wako wa kushoto. Kila jukwaa lililojengwa upande wa magharibi au kusini wa kiwanja linakuomba uweke pua mahali pabaya. Lipite, tua ukitazama upepo, watu watakuona tu.

Na chamchela. Kati ya Agosti na Oktoba, jua likishapanda, utaziona nguzo za vumbi zikitembea kuelekea Bahi na Manyoni. Chamchela haina mwelekeo mmoja wa upepo, ndani ya sekunde mbili inakupa digrii zote 360. Ikija kwenye kiwanja chako, ondoka mbele kwa mwendo, zunguka, rudi baadaye.

Hatua ya 4: Mtu aliye kiti cha nyuma

Nitapita haraka hapa kwa sababu kila rubani analijua na hakuna anayeliandika. Msimu wa kampeni, chopa haishuki pembeni ya uwanja. Inatakiwa izunguke juu ya watu, isimame, igeuke ili mheshimiwa apunge mkono kwa mlango wa upande wake. Uzito wote uliozidi huwa umeingia dakika za mwisho: mpambe mmoja, mpiga picha mmoja, boksi la fulana.

Mwambie mwenye kukodi kabla ya safari, kwa maandishi, mambo matatu: idadi ya watu, uwanja utakaotua, na kwamba rubani ndiye anayeamua pua itazame wapi. Akikataa, ana hiari ya kutafuta rubani mwingine. Pia mwombe aweke watu wa kuzuia umati usiende nyuma ya helikopta. Rafadha ya mkia ikizunguka haionekani vizuri. Bendera, khanga na maturubai yasiyofungwa huvutwa, na turubai likiingia mkiani utakuwa umetoka hali ya kwanza kwenda ya tatu bila kupita ya pili.

Hatua ya 5: Pua ikianza kukimbia

Kanyaga pedali ya kinyume yote, mpaka mwisho, na uishikilie. Usipime. Usiachie kuangalia kama imefanya kazi. Mzunguko ulioshika kasi hauachi kwa sekunde moja, na hizo sekunde mbili tatu za kungoja ndizo zinazomfanya mtu aamini mkia umekufa.

Wakati huo huo sukuma saikliki mbele, ile fimbo iliyo kati ya magoti, upate mwendo. Kama una kimo cha kutosha, shusha kolektivu, wenzo ulio kushoto kwa kiti chako, kwa kuwa kila unapopunguza nguvu ya injini unapunguza kile kinachougeuza mwili. Kosa la kawaida ni lile la kinyume: rubani anaona ardhi inakaribia, anavuta kolektivu kwa woga, nguvu inaongezeka, mzunguko unaongezeka.

Mimi naona jina la Kiingereza la tukio hili, linalosema rafadha ya mkia imepoteza ufanisi, limewadhulumu marubani wengi. Linamwambia mtu kifaa kimekufa, wakati mara nyingi kiko hai na kinasubiri mguu. Mwaka 2019 Airbus Helicopters walitoa notisi ya usalama kuhusu helikopta zenye mapanga ya mshale wa saa, na ujumbe wake ulikuwa huu huu: rafadha haijaacha kufanya kazi, kanyaga pedali yote, mapema, na uendelee kukanyaga. Robinson nao wana notisi yao kuhusu pua kukimbia bila kutarajiwa. Unaweza kusema watengenezaji wanajitetea, na pengine wanajitetea. Lakini kwa upande wangu, siku ile Singida, walikuwa na haki.

Ukiwa umekanyaga yote, umeshikilia, mwendo hauji, na ardhi ipo karibu, basi ondoa nguvu ya injini kabisa na utue kwa otoroteshoni, yaani kuteremka mapanga yakizungushwa na hewa inayopanda. Bila nguvu ya injini, hakuna kinachoulazimisha mwili kuzunguka.

Hatua ya 6: Pedali haishiki kitu

Hali ya tatu ina ndugu wawili, na ni vema uwatofautishe.

Wa kwanza ni pedali iliyokwama. Mkia unasukuma, ila kwa kiasi kile kile. Hapa una muda. Ukiwa kwenye mwendo usisimame, nenda kwenye uwanja mrefu wenye lami na zimamoto. Kwa mtu aliyeko Kongwa au Mpwapwa hiyo ina maana ya kurudi Dodoma mjini, siyo kujaribu kiwanja cha shule. Njiani, cheza na mwendo na nguvu taratibu mpaka ujue ni mchanganyiko upi unaoweka pua mbele. Kisha karibia kwa pembe ndogo, upepo ukiwa mbele, utelezeshe skidi, zile reli za miguuni, kama ndege ya kawaida. Ikionekana mbaya, pita juu, anza upya.

Wa pili ni mkia uliokatika, shafti au rafadha yenyewe imeondoka. Ukiwa chini umesimama hewani, funga nguvu, pokea ardhi kwa kolektivu. Ukiwa kwenye mwendo mkubwa, mkia wima unaweza kukushikilia kwa muda, kwa hiyo linda mwendo wako kama mboni ya jicho, chagua tambarare (za Kanda ya Kati zipo nyingi, tushukuru), na umalizie kwa otoroteshoni. Fanya zoezi hili na mkufunzi kila mwaka, kwa sababu kichwa kilichoshtuka hakisomi aya kama hii.

Kinga yake iko kwenye ukaguzi wa asubuhi. Shika mapanga ya mkia, yasukume na kuyavuta, usikie kama kuna ulegevu. Tazama grisi kwenye beringi: ikigeuka nyeusi au kuwa kama vumbi, ita fundi. Tazama kizibo cha sumaku cha giaboksi kama kimenasa chembe za chuma. Vumbi letu la Bahi na Chamwino ni laini kama poda na linaingia popote penye grisi, kwa hiyo usihesabu siku kwa ratiba ya nchi yenye mvua.

Hatua ya 7: Sasa ulizia mchoro

Rafadha ya mkia ilikuwa chaguo la mhandisi. Sikorsky aliiweka kwenye VS-300 yake iliyoruka mwaka 1939, na dunia ikamfuata kwa kuwa ni nyepesi na rahisi. Njia nyingine zipo. Wafaransa waliifungia rafadha ndani ya duara kwenye Gazelle, iliyoruka kwanza miaka ya 1960. MD 520N haina rafadha nyuma kabisa, inasukuma hewa kupitia mkia wenyewe. Kamov wanaweka mapanga mawili juu ya mhimili mmoja, yanayozunguka kinyume. Kila njia ina gharama zake za uzito, fedha au nguvu. Kwa hiyo ukinunua helikopta ya mkia wa wazi umekubali udhaifu fulani kwa bei nafuu, na aliyekuuzia anaujua.

Kilichonisumbua zaidi nilipoanza kusoma ni kanuni za kuidhinisha helikopta. Kanuni za zamani za Marekani kwa helikopta ndogo, ambazo aina nyingi tunazoziona hapa zilipitia, zilitaka mtengenezaji athibitishe kwamba inadhibitika karibu na ardhi katika upepo wa angalau noti 17, kilomita 31 hivi kwa saa, hadi kimo cha futi 7,000 au uwezo wa juu wa ndege, kile kilicho kidogo. Rudi kwenye hesabu yetu ya Singida: 7,800. Mchana wa kawaida wa Singida umetoka nje ya kile ambacho mtu yeyote alilazimika kukithibitisha. Helikopta haijavunjika, rubani hajavunja sheria, na pedali inaisha. Hiyo ndiyo hali ya pili, na ndiyo inayogombaniwa mahakamani na kwenye kampuni za bima.

Kwa hali ya pili, uliza maswali haya kwa mpangilio huu. Je, kitabu kilimwambia rubani wazi kwamba pedali itaisha kwa uzito na hewa ile? Kama ndiyo, alisoma? Kama alisoma, nani alimsukuma aende? Kama kitabu kilinyamaza, kunyamaza huko ni kwa mtengenezaji na kwa mdhibiti aliyemkubalia. Sikubaliani na wanaosema rubani hubeba kila kitu kwa kuwa alikuwa na mamlaka ya mwisho. Mamlaka ya mwisho bila taarifa ni kiti tu.

Kwa hali ya tatu, mfano unaojulikana kuliko yote ni Leicester. Tarehe 27 Oktoba 2018, baada ya mechi, AW169 iliondoka katikati ya uwanja wa King Power, ikapanda hadi kama futi 430, ikaanza kuzunguka kulia, ikaanguka. Watu wote watano waliokuwemo walifariki, akiwemo mwenye klabu, Vichai Srivaddhanaprabha. Wachunguzi wa Uingereza walimaliza ripoti yao Septemba 2023. Beringi moja kwenye kifaa kinachobadili pembe ya rafadha ya mkia ilikwama, nguvu ya kuzungusha ikaifungua nati, na shafti ya kudhibiti ikaachana na pedali. Rubani alijibu papo hapo, hakukuwa na kitu cha kujibu. Ripoti ilionyesha pia kwamba matokeo ya vipimo vya mizigo angani hayakurudishwa kwa mtengenezaji wa beringi ili athibitishe kama inafaa, na kanuni hazikulazimisha yarudishwe.

Angalia jinsi video ya Leicester inavyofanana na tukio langu la Singida. Yote ni pua kwenda kulia na mzunguko unaoongezeka. Kimoja ni beringi, kingine ni mguu wangu mvivu.

Hatua ya 8: Kwenye eneo la tukio

Mkiwahi kuwa wa kwanza kufika, okoeni watu, zimeni moto, kisha ondokeni kwenye mabaki. Msiruhusu mtu wa chuma chakavu hata kama ni siku ya nne. Kipande cha mkia chenye ukubwa wa kiganja ndicho kinachoweza kutenganisha hali ya kwanza na ya tatu: mapanga ya mkia yaliyopinda kwa kupiga ardhi yakiwa kwenye kasi yanasema yalikuwa yanazunguka, fimbo iliyokatika kwa uchovu wa chuma ina uso tofauti na iliyokatika kwa kishindo. Mkia ukianguka mita 300 kutoka kwenye mwili, msiusogeze kuuleta karibu.

Helikopta nyingi ndogo hazina kisanduku cheusi, kwa hiyo simu ya mtu aliyerekodi kutoka kwenye mwembe ni ushahidi mkubwa. Mwombe ahifadhi video kamili, na sauti yake, kwa kuwa sauti ya mapanga inaweza kuonyesha mizunguko. Asiikate kwa ajili ya kurusha mitandaoni.

Uchunguzi wenyewe unaongozwa na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, na lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Nchi iliyotengeneza helikopta ina haki ya kutuma mwakilishi, kwa hiyo Écureuil ikianguka Manyoni, msishangae kumwona Mfaransa porini. Ripoti ya awali hutarajiwa ndani ya siku 30. Lawama, fidia na mahakama ni njia nyingine, yenye watu wengine.

Na kama helikopta ilizunguka ikarudi salama, kama yangu, andika siku hiyo hiyo kabla kumbukumbu haijajitengenezea hadithi: uzito, joto, upepo ulitoka digrii ngapi, mizunguko ilisoma ngapi, na mguu wako ulifika wapi. Mimi kwenye karatasi yangu niliandika "nusu", nikaifuta, nikaandika "karibu yote". Mzee akaichukua, akaisoma, akanirudishia na kalamu.